Kusafisha Meno ya Paka kwa Daktari: Bili Inavyojengwa, na Pa Kupunguza Bila Kumuumiza

Piga simu kliniki tatu uulize bei ya kusafisha meno ya paka, na huenda ukatajiwa bei tatu zilizoachana mbali. Wengi wetu hushika ya chini, kwa kudhani kazi ni ileile na tofauti ni tamaa ya mwenye kliniki. Mara nyingi kazi siyo ileile. Kliniki moja itamlaza paka kwa nusukaputi, imtie mpira wa kupumulia, impige eksirei ya meno yote na kuingia chini ya fizi. Nyingine itamchoma sindano ya kumlegeza, ikwangue ukoga unaoonekana kwa nje, kisha imrudishe nyumbani na meno meupe yaliyosimama juu ya mizizi inayooza. Ya pili ni rahisi siku hiyo tu. Paka anaendelea kuumwa, na miezi michache baadaye unalipia kung'olewa meno ambayo yangeweza kuokolewa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ni bei gani?", uliza "ndani ya bei hiyo mna nini?" Yote yatakayofuata hapa yanatokana na swali hilo.

Upate kipimo: nchini Marekani, kusafisha meno ya paka bila kung'oa jino hata moja kwenye kliniki ya kawaida huangukia kati ya dola 400 na 1,000 hivi, na kwa daktari bingwa wa meno ya wanyama hupanda zaidi ya hapo. Uingereza ni pauni 250 hadi 500 hivi kabla ya kung'oa. Huko nako watu wanalalamika: mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo, CMA, ilianzisha uchunguzi rasmi wa soko la tiba ya wanyama Mei 2024, na katika matokeo yake ya awali ya 2025 ikaeleza kuwa bei za matibabu zilipanda kwa asilimia 63 kati ya 2016 na 2023. Huku kwetu Afrika Mashariki bei haibandikwi ukutani. Hutofautiana kati ya Masaki na Temeke za Dar es Salaam, kati ya Westlands ya Nairobi na Likoni ya Mombasa, na hutofautiana zaidi kwa vifaa alivyonavyo daktari. Namba ya kuifanyia kazi ni ile utakayopewa kwa maandishi, na hapa chini nitaeleza jinsi ya kuipata.

Hatua ya 1: Mfunue mdomo kabla ya kupiga simu

Paka mzima ana meno 30: 16 juu, 14 chini. Huhitaji kuyaona yote. Mpakate, mkono mmoja ushike kichwa kwa juu, na kwa kidole gumba cha mkono mwingine inua mdomo wa juu pembeni, usawa wa nyuma ya chonge. Jino kubwa la shavuni utakaloliona hapo ndilo hushika ukoga mapema, kwa sababu mate humwagika karibu yake na madini ya mate ndiyo yanayougandisha ukoga. Utando laini wa leo unaweza kuanza kuwa mgumu ndani ya siku mbili tatu, na ukishakuwa mgumu mswaki hauutoi tena.

Angalia mstari wa fizi. Waridi iliyopauka ni nzuri. Uzi mwembamba mwekundu pale fizi inapokutana na jino ni ishara kwamba ugonjwa umeanza, na kwa upande wa gharama hapo ndipo mahali pazuri pa kumwona daktari. Fizi iliyovimba, inayotoa damu, au inayopanda juu ya jino kana kwamba inalimeza inaashiria jambo jingine: jino linalojila lenyewe. Huu ni ugonjwa unaowapata paka wengi sana. Mwili wenyewe hulimomonyoa jino, mara nyingi kuanzia yale ya shavuni upande wa chini, na maumivu yake ni makali kiasi kwamba ukiligusa taya hutetemeka hata paka akiwa kwenye nusukaputi. Jino la namna hiyo halizibwi wala halisafishwi likapona. Hung'olewa.

Tazama pia mwenendo wake. Paka haonyeshi maumivu kwa kulia. Huelekeza kichwa upande mmoja anapotafuna, huangusha chakula, hukimbilia bakuli kisha akarudi nyuma akikoroma, hudondosha ute, hujikuna mdomo, au huacha kujilamba hadi manyoya yakasongamana. Wapo wanaoendelea kula vizuri kabisa kwa sababu wamejifunza kumeza punje bila kutafuna. "Anakula, kwa hiyo haumwi" ni hoja iliyowagharimu paka wengi.

Kunuka mdomo si kawaida ya paka. Dagaa huacha harufu ya saa moja. Harufu ya siku zote ni usaha au ukoga uliooza, na kwa paka mzee inaweza pia kutoka kwenye figo.

Andika unachokiona na upige picha. Picha hiyo itakusaidia kupata makadirio ya karibu na ukweli hata kabla ya kufika kliniki.

Hatua ya 2: Zijue sehemu za bili

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu mtu asiyezijua sehemu hizi hawezi kulinganisha chochote.

Kuna ada ya kumwona daktari na uchunguzi wa mdomo paka akiwa macho. Ni ndogo, lakini uchunguzi huo huonyesha nusu tu ya jambo. Hakuna paka atakayekubali kuchokonolewa chini ya fizi huku anaona.

Kuna vipimo vya damu kabla ya nusukaputi. Daktari anatafuta hali ya figo, ini, sukari na wingi wa damu, maana dawa za usingizi husafishwa na viungo hivyo. Kwa paka aliyevuka miaka 7 au 8, kipimo cha tezi ya shingo na cha presha ya damu huongezwa. Marekani fungu hili hugharimu kama dola 80 hadi 200.

Kuna nusukaputi yenyewe, na kwa kawaida hili ni miongoni mwa mafungu mazito kuliko yote. Ndani yake mna sindano ya kumtuliza, mrija mshipani na dripu, gesi ya usingizi kama isoflureni, oksijeni, mpira unaoingia kwenye koo la hewa, mashine ya kupima mapigo, oksijeni na presha, kitu cha kumpasha joto, na mtu wa pili ambaye kazi yake pekee ni kumwangalia paka anavyopumua. Hilo la mtu wa pili ni muhimu mno. Daktari anayekwangua meno hawezi kutazama jino na kifua kwa wakati mmoja.

Kwa nini mpira wa kupumulia? Mashine ya kukwangulia hutumia mtikisiko na maji mengi. Maji hayo, yaliyojaa bakteria na vipande vya ukoga, huteremkia kooni. Paka aliyelegezwa kwa sindano bila mpira anaweza kuyavuta mapafuni. Ndiyo sababu mwongozo wa meno wa 2019 wa AAHA, chama cha hospitali za wanyama cha Marekani, unataka nusukaputi kamili pamoja na mpira, na chuo cha mabingwa wa meno ya wanyama, AVDC, kinapinga huduma za "kusafisha bila usingizi".

Kuna eksirei ya meno. Watu wengi huikata kwanza kwa kuwa haionekani kama ni matibabu. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walipiga eksirei za mdomo mzima kwa paka. Kwa wale ambao uchunguzi wa kawaida haukuonyesha kitu, picha zilifichua tatizo la maana katika asilimia 41.7 yao. Karibu paka wanne katika kila kumi. Jino linalojila mara nyingi huanzia kwenye mzizi, huku sehemu ya juu ikionekana safi. Na pale linapotakiwa kutolewa, picha ndiyo inayomwambia daktari kama mzizi bado upo au umeshageuka mfupa. Kama upo lazima utoke wote. Kama umeshageuka, inatosha kukata sehemu ya juu na kushona fizi. Kukata bila picha ni kuacha kipande chenye uchungu ndani ya taya.

Kuna kusafisha kwenyewe: kukwangua juu na chini ya fizi, kupima kina cha mfuko wa fizi kwa kijiti chenye alama (kwa paka mzima wa afya haizidi milimita 1 hivi), kuandika hali ya kila jino kwenye chati, na kung'arisha. Kung'arisha si urembo. Kukwangua huacha michirizi midogo kwenye jino, na ukoga mpya hushika upesi pale palipokwaruzika.

Kuna kung'oa, na hapa ndipo bili huruka. Jino dogo lenye mzizi mmoja uliolegea ni kazi fupi. Chonge au jino la shavuni lenye mizizi miwili au mitatu huhitaji kupasua fizi, kuondoa mfupa kidogo, kuligawa jino, kutoa kila mzizi na kushona. Marekani jino rahisi linaweza kuongeza makumi ya dola na jino gumu mia moja hadi mia tatu au zaidi. Tuseme kusafisha ni dola 600, na paka ana meno manne magumu kwa dola 120 kila moja: bili imeshafika 1,080 kabla ya dawa. Paka yuleyule, angeletwa wakati ule wa uzi mwekundu, angelipiwa 600 na kurudi na meno yake.

Mwisho ni dawa za maumivu za siku kadhaa, na pengine antibayotiki.

Hatua ya 3: Piga simu, na uulize maswali haya

Usianze na bei. Mweleze anayepokea: paka ana umri gani, uzito gani, umeona nini mdomoni, ana ugonjwa gani mwingine. Kisha uliza:

- Mnatumia nusukaputi ya gesi pamoja na mpira wa kupumulia, au sindano peke yake?
- Nani anamwangalia wakati daktari anasafisha, na kwa mashine gani?
- Mna eksirei ya meno? Imo ndani ya bei au inalipiwa pembeni?
- Mnasafisha chini ya fizi na kung'arisha?
- Kung'oa mnatoza kwa jino, kwa ugumu wa jino, au kwa muda?
- Dawa za maumivu za kurudi nazo nyumbani zimo?
- Mkikuta jino baya katikati ya kazi, mnanipigia kwanza?

Ukiambiwa "ni dakika kumi tu, tunamchoma sindano", shukuru na uendelee kutafuta. Kazi kamili bila kung'oa huchukua kama saa moja, na zaidi meno yakiwa mabaya.

Swali moja zaidi la kumuuliza daktari mwenyewe: anatumia nini kumweka paka mdomo wazi? Vile vyuma vya springi vinavyosukuma taya kwa nguvu muda wote vimehusishwa na paka kuamka vipofu, kwa sababu hubana mishipa inayopeleka damu kwenye macho na ubongo. Daktari anayefuatilia taaluma yake atakujibu mara moja kwamba hatumii, au hutumia kitu kifupi kisichosukuma. Atakueleza pia kwamba humchomoa paka kwenye bomba la gesi kabla ya kumgeuza, maana koo la hewa la paka ni laini na huchanika mpira ukijazwa upepo kupita kiasi au ukizungushwa ukiwa ndani.

Hakikisha ni daktari aliyesajiliwa. Kenya usajili uko kwa Kenya Veterinary Board, na Tanzania uko kwa Baraza la Veterinari lililoundwa chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003. Kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu.

Hatua ya 4: Omba makadirio ya maandishi yenye namba mbili

Hakuna daktari mkweli anayeweza kukupa bei kamili kabla paka hajalala na kupigwa picha. Anachoweza kukupa ni namba ya chini (kusafisha tu) na namba ya juu (kusafisha pamoja na meno anayoyashuku). Sema hivi: "Daktari, naomba mchanganuo wa bei kwa maandishi, wa chini na wa juu." Ujumbe wa WhatsApp unatosha.

Ukiupata, weka kikomo chako na ukiseme wazi. "Hadi hapa endelea bila kuniuliza. Ukivuka hapa nipigie. Usiponipata, safisha, piga picha, mtoe jino linalomuumiza zaidi, mengine tutapanga siku nyingine." Hayo nayo yaandikwe. Simu yako iwe na chaji na iwe mkononi siku hiyo, kwa sababu paka akiwa amelala kila dakika ina gharama na ina hatari, na daktari hawezi kukusubiri utoke kikaoni.

Kugawa kazi mara mbili si aibu. Meno yakiwa mabaya mengi, wapo madaktari ambao wenyewe hupendelea kusafisha na kupiga picha kwanza, kisha kung'oa baada ya wiki chache, ili paka asilale kwa saa nyingi mfululizo. Hasara yake ni kulipia nusukaputi mara mbili. Pima na daktari.

Hatua ya 5: Pa kupunguza, na pasipopunguzwa

Zungumza na daktari kuhusu hela bila kuona haya. Wengi wao wangependelea umwambie mapema kuliko ukimbie na paka asitibiwe.

Kwa paka kijana mwenye afya, uliza kama vipimo vichache vya msingi vinatosha badala ya orodha ndefu. Antibayotiki baada ya kusafisha hazihitajiki kwa kila paka, na wengi hupona bila hizo, kwa hiyo uliza kwa nini ameandikiwa. Kulala kliniki usiku, chakula maalumu cha kopo, kola ya shingoni ya kumzuia asijikune: vyote hivyo vina nafasi yake kwa baadhi ya paka, na kwa wengine vinaweza kuondolewa. Chanjo na kukata kucha vinaweza kufanywa safari hiyohiyo ukaokoa ada ya kuonwa. Kuunganisha na upasuaji mwingine, kwa mfano kufunga kizazi, kunahitaji busara, kwa kuwa bakteria wa mdomoni hawatakiwi karibu na kidonda safi cha tumboni. Baadhi ya madaktari hukubali, wengine hukataa, na wanaokataa wana sababu.

Usiguse mpira wa kupumulia, mtu wa kuangalia nusukaputi, mrija mshipani, dawa za maumivu, wala ganzi ya kwenye taya kabla ya kung'oa. Ganzi hiyo ni ya bei ndogo na hupunguza kiasi cha gesi anachohitaji paka, jambo linalomlinda moyo na presha.

Eksirei ni sehemu ngumu, nami siipiti kwa haraka kwa sababu si kila kliniki ya kwetu ina mashine ya meno. Kama ipo, ilipie. Kama haipo na paka ana ukoga tu bila jino linaloshukiwa, kusafisha kwa nusukaputi nzuri bado kuna faida kubwa. Kama haipo na kuna jino la kutolewa, uliza kama daktari anaweza kupiga picha ya taya kwa mashine ya kawaida ya eksirei, akijua haitaonyesha kila mzizi, au akupe rufaa. Hospitali za wanyama za vyuo vikuu ni mahali pa kuuliza: kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) kule Morogoro, Makerere kule Kampala.

Kuna njia moja ya kupunguza gharama ambayo naipinga kwa nguvu zote, nayo ni kuzungusha sindano za antibayotiki na za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kila paka anapoanza kudondosha ute. Atapata nafuu wiki mbili tatu, kisha hali inarudi. Ukoga uko palepale, jino liko palepale. Jumlisha sindano za mwaka mzima utakuta umekaribia au umepita bei ya kusafisha, na steroidi za kurudiarudia humsogeza paka kwenye kisukari. Paka wenye uvimbe mkali wa kinywa kizima, ule unaofanya koo liwe jekundu kama nyama mbichi, mara nyingi hupona au kupata nafuu kubwa baada ya kung'olewa meno ya nyuma yote au mdomo mzima. Mtu akisikia hivyo hushtuka. Lakini paka asiye na meno hula chakula laini vizuri, na wengine hata punje kavu, na ule uchungu umeondoka.

Hatua ya 6: Hela itatoka wapi

Anza kutenga mapema, hata kidogo kila mwezi kwenye akaunti ya simu ya kuweka akiba ambayo huigusi kwa mambo mengine. Omba malipo ya awamu. Kliniki nyingi ndogo hukubali kwa mteja wanayemjua, ndiyo faida ya kuwa na daktari mmoja wa kudumu.

Walioko Marekani: bima za kawaida za wanyama kwa kawaida hazilipii kusafisha kwa kinga, ila mpango wa nyongeza wa afya unaweza kulipia. Ugonjwa wa meno unaweza kulipiwa ikiwa haukuwapo kabla ya kukata bima, kwa hiyo soma masharti kabla ya uchunguzi wa kwanza. Februari ni mwezi wa afya ya meno ya wanyama huko, na kliniki nyingi hutoa punguzo. Kadi za mkopo wa matibabu kama CareCredit zina kipindi cha kulipa bila riba, lakini usipomaliza deni ndani ya muda, riba huhesabiwa tangu siku ya kwanza. Walioko Uingereza: kampuni nyingi za bima hudai ushahidi kwamba paka huonwa meno kila mwaka, na ukikosa miadi hiyo wanaweza kukataa dai. Mipango ya kila mwezi ya kliniki zenyewe mara nyingi ina punguzo la kusafisha.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Hofu ya nusukaputi ni halali, basi tuitazame kwa namba. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2008 ulikuta kwamba kati ya paka wenye afya waliolazwa, aliyekufa alikuwa kama mmoja katika kila 900. Kwa wagonjwa ilikuwa takriban mmoja katika kila 70. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya vipimo vya damu, na ndiyo sababu ya kutosubiri paka adhoofike.

Daktari atakuambia saa ya kuacha kumlisha usiku. Fuata yake, kwa kuwa mtoto wa paka na paka mwenye kisukari hawafungi kama wengine. Maji kwa kawaida huachwa. Mfungie ndani jioni, la sivyo atakula kwa jirani au atakosekana asubuhi. Mpeleke kwenye kikapu chenye mfuniko kilichowekwa nguo yenye harufu ya nyumbani.

Utamchukua alasiri au jioni. Usiondoke bila kupewa: chati ya meno, nakala za picha, orodha ya meno yaliyotolewa, dawa zenye vipimo vilivyoandikwa, na namba ya kupiga usiku. Nyumbani mweke chumba kimoja chenye joto, chini, mbali na ngazi na watoto. Atayumba, mboni zitakuwa kubwa, hayo hupita. Mpe chakula laini kidogo jioni hiyohiyo akiwa ameamka vizuri.

Usimpe Panadol. Robo ya kidonge inaweza kumuua paka, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunja parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ni sumu kwake. Dawa ya maumivu ni ile tu aliyoandika daktari wake, kwa kipimo kilekile, kwa siku zilezile.

Asipokula ndani ya saa 24, piga simu. Paka anayekaa na njaa, hasa mnene, hupata mafuta kwenye ini, na matibabu yake ni ghali kuliko meno. Damu kidogo kwenye mate siku ya kwanza si tatizo. Damu inayotiririka, uso unaovimba, au kupumua kwa shida ni dharura. Na ukimshika ukasikia chini ya ngozi ya shingo kitu kinachopasukapasuka kama hewa, mrudishe usiku huohuo.

Hatua ya 8: Kuifanya bili ijayo iwe ndogo

Mswaki ndio unaofanya kazi kuliko kitu kingine chochote cha nyumbani. Subiri daktari aseme fizi zimepona, mara nyingi wiki mbili. Siku za mwanzo mguse mdomo tu kwa kidole kilichochovywa maji ya samaki asiyetiwa chumvi wala kitunguu. Kisha kidole chenye kitambaa laini. Kisha mswaki mdogo wa mtoto, na dawa ya meno ya paka. Dawa ya binadamu usitumie, paka huimeza yote, na fluoridi na povu lake havimfai. Sugua upande wa nje tu, sekunde chache kila upande, kila siku. Ulimi wake hujitahidi upande wa ndani.

Paka akikataa katakata, tafuta chakula au kitafunwa chenye alama ya VOHC, baraza linalotoa muhuri kwa bidhaa zilizothibitishwa kupunguza ukoga. Punje kavu za kawaida hazisafishi meno kama watu wanavyoamini, huvunjika kwenye ncha tu. Mifupa iliyopikwa huvunja meno na kuchoma koo.

Mfunue mdomo kila mwezi, mpeleke akaonwe kila baada ya miezi 6 hadi 12, na ubebe ile chati na zile picha hata ukihama kliniki, ili daktari mpya aanzie alipoishia mwenzake na usilipie mara ya pili kitu ambacho tayari unacho.